Malkia Hataki Baridi

Jumatatu, 8 Julai

Naanza kuandika leo kwa sababu wiki hii nitakuwa mtu mkubwa hapa mjini Mokhotlong. Itafaa kumbukumbu iwepo.

Habari yenyewe ni hii. Zahanati inatafuta gari la kumpeleka mkunga, mama yetu 'M'e Puseletso, kwenye vijiji vya mlimani kila alfajiri, majira haya yote ya baridi. Majaribio ni Jumamosi. Gari ninalo! Jeupe, refu, siti za nyuma zinalala kama kitanda. Namwita Malkia. Mlima anaupanda kama mbuzi.

Ana kasoro moja tu. Ndogo. Asubuhi akiwa baridi hataki kazi. Anawaka, anatetemeka, anakohoa, anazima. Nawasha tena, anazima tena. Akishapata joto, basi, kutwa nzima humkuti na kosa. Marehemu mjomba wangu alikuwa hivyo hivyo. Kabla ya chai hakuwa mtu.

Leo alinizimikia mbele ya lango mpaka jua likafika kwenye paa la kanisa. Na nani apite wakati huo kama si bwana yule, Ntate Molupe, juu ya farasi wake Tladi, blanketi limekaa begani kama la chifu, mvuke unamtoka farasi puani. Naye anaitaka kazi ile ile. Akasimama. Akauliza kama Malkia amekula. Nikamwambia anapumzika. Akasema wa kwake hupumzika usiku.

Farasi ni mzuri, hilo silikatai. Shingo ile! Lakini hana paa, na hana hita.

Nimekagua injini mwenyewe. Nimefungua boneti, nimetazama sana, nimefunga boneti. Kila kitu kipo. Kilichonifurahisha zaidi ni feni ya radieta. Barafu bado imeganda kwenye kioo, nimewasha tu, feni tayari inazunguka kwa bidii zote! Gari lenye feni ya namna hiyo haliwezi kuwa na ugonjwa wa maana.

Jumanne, 9 Julai

Mpango. Karakana ya kuaminika ni moja tu, ya dada yetu, Ausi Khopotso, kule chini karibu na daraja. Tulisoma darasa moja. Alinishinda hesabu, alinishinda mbio, alinishinda hata kuimba. Akijua Malkia anaumwa, mji mzima utajua, maana sauti ya Khopotso haihitaji simu. Kwa hiyo sitamwambia. Nitamuuliza kuhusu gari la binamu yangu.

Nikaenda kwa miguu, mikono mfukoni, kama mtu anayepita tu. Alikuwa chini ya lori, miguu nje, anaimba. Nikamweleza shida ya binamu. Akauliza gari la binamu likoje. Nikasema jeupe, refu. Akauliza binamu anaitwa nani. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema Sekhonyana, jina langu mwenyewe.

Wimbo ukakatika chini ya lori. Halafu kicheko. Jamani, kicheko cha yule mwanamke! Spana zilizotundikwa ukutani zililia zenyewe.

"Mwambie Sekhonyana amlete," akasema. "Nataka nimwone akizima kwa macho yangu. Mimi sitibu hadithi."

Nikapanda nyumbani, nikamwasha Malkia. Akazima, akazima, akazima, akakubali. Nikateremka naye. Tulipofika karakana ananguruma laini kama paka aliyeshiba. Khopotso akasimama na mikono kiunoni, sikio ameliinamisha. Tukangoja. Kimoyomoyo nikamsihi Malkia azime. Hakuzima. Nikamzima kwa ufunguo nikamwasha upya. Akawaka hata sijamaliza kuzungusha.

Khopotso akasema gari ni zima, labda anayeumwa ni binamu. Wateja wake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Gari gani hili, linalomwaibisha mtu kwa kuwa zima?

Jumatano, 10 Julai

Kama shida ni baridi, dawa ni joto! Sijui kwa nini hakuna aliyefikiria hilo kabla yangu.

Alfajiri niliweka jiko la mkaa chini ya injini. Juu ya boneti nikatandika blanketi langu la harusini, lile zito la rangi ya damu ya mzee, ili joto lisitoroke. Nikaingia ndani kunywa uji. Nilipotoka, pembe moja ya blanketi ilikuwa inatoa moshi. Nikalivuta kwa nguvu. Likapata upepo. Likawaka sawasawa. Nikalitupa kwenye barafu nikalikanyaga, nikateleza, nikaangukia mgongo juu yake, na hivyo ndivyo moto ulivyozimika. Malkia amesalimika. Rangi yake ya mbele imebadilika kidogo tu.

Sijasimama vizuri, 'M'e Puseletso huyo anakuja mbio, mkoba kifuani. Kule kijijini Ha Lekhaba kuna mwanamke ana uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Mume wake ameteremka mlima kwa miguu kuja kusema.

"Ntate Sekhonyana, gari!"

Hata hakuuliza kwa nini mgongo wangu unatoa moshi. Tukaruka ndani. Malkia akawaka! Tukatoka langoni! Tukafika kona ya dukani. Akatetemeka. Akazima.

Nikawasha. Akazima. Nikawasha. Stata ikaanza kulia kama mtoto aliyechoka. Sikuthubutu kumtazama yule mama. Alikuwa anautazama mlima, midomo inasogea. Ningependa anitukane.

Molupe akatokea kwenye kona. Leo hakufanya utani. Alishuka, akampandisha mkunga juu ya Tladi, akavua blanketi lake mwenyewe akamfunika nalo, akapanda mbele yake, wakaondoka. Na shati tu, katika baridi ile! Tladi alikata theluji kwa kifua. Nikawatazama mpaka wakawa alama nyeusi mlimani, halafu hata alama haikuwepo.

Hapo ndipo Malkia alipokubali kuwaka. Sikumsemesha njia nzima.

Nimepika ugali. Sikuula.

Alhamisi, 11 Julai

Wamerudi! Mtoto ni wa kike. Mama yake mzima.

Molupe ndiye aliyenisimulia, amesimama langoni pangu, na machozi yakimlengalenga. Anasema 'M'e Puseletso alimgeuza mtoto tumboni kwa mikono yake miwili, taratibu, huku akimwambia mama yake mambo ya kuchekesha ili asikaze mwili. Anasema yeye alikuwa nje ya nyumba, ameshikilia farasi, na aliposikia kilio cha mtoto alimkumbatia Tladi shingoni. Mikono yenyewe ya yule mama ni midogo, naijua, huwa haishiki hata usukani wa baiskeli vizuri. Mtu anakaa na mikono kama hiyo mji mmoja na wewe, na wewe unadhani ni mikono tu!

Baadaye alipita mwenyewe. Viatu vimelowa, macho mekundu, anatabasamu. Akasema hana kinyongo na mimi. Lakini gari lisipopona kufikia Jumamosi atawaambia wakodi farasi peke yake.

"Mimi mlimani siendi kutembea, Ntate."

Nikasema kweli, 'M'e.

Kwa hiyo, mpango mpya. Khopotso anataka kumwona Malkia akizima, yaani akiwa baridi. Lakini Malkia akifika kule keshapata moto njiani. Basi afike akiwa baridi! Nimejaza theluji ndani ya boneti. Kila upande wa injini, kila tundu, nimeshindilia kwa koleo. Nikapanda, nikahangaika naye, akawaka, nikateremka haraka iwezekanavyo.

Kufika darajani mvuke ulikuwa umenifunika, sioni mbele. Nimeendesha kichwa nje ya dirisha. Maji yanamwagika kama bomba limepasuka. Na katikati ya ule mvuke, Malkia ananguruma. Laini. Kama paka aliyeshiba.

Khopotso alitoka, akatazama. Akakaa juu ya tairi na kucheka bila sauti, akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akabaki na madoa mawili meusi usoni kama amevaa miwani. Alipopata pumzi akasema:

"Sekhonyana. Mwache hapa. Alale uani kwangu. Alfajiri nitamwamsha mwenyewe nimsikilize. Hiyo tu ndiyo kazi."

Nikakataa! Malkia alazwe karakana, kila mpita njia amwone? Watu watasema nini? Nikamwambia nitakwenda kufikiri. Akasema hilo ndilo analoliogopa.

Ijumaa, 12 Julai

Mpango bora kuliko yote, na wala siuongezi chumvi. Injini inapata moto ikiwashwa. Basi isiwashwe. Malkia avutwe! Alfajiri, mapema, kimya kimya, kabla mtu hajafungua dirisha. Asiyeamka hataona.

Tatizo: wa kumvuta. Gari jingine la kuvuta ni la Khopotso, na hilo lina honi. Jana jioni nikameza aibu nikamwendea Molupe. Nilijua atakataa, maana Malkia akipona yeye ndiye anayekosa kazi. Alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. Akasema juzi alisimama nje ya nyumba ile akafikiria: je, asubuhi moja wakipata uchungu wanawake wawili, mmoja kila upande wa mlima? Tladi ni mmoja. Atakuja, akasema, na farasi wa kaka yake pia.

Mtu kama huyo utamchukiaje vizuri?

Tukatoka kabla ya jua. Farasi wawili mbele, kamba, Malkia mweupe nyuma, mimi kwenye usukani, nimenyooka, uso mzito. Mwendo wa polepole kwa sababu ya barafu. Sikufikiria jambo moja. Gari jeupe, refu, linavutwa na farasi taratibu alfajiri, na dereva ana huzuni.

Wa kwanza kuvua kofia alikuwa mwuza kuni. Kisha akina mama wawili waliokuwa wanakwenda kisimani wakatua ndoo zao, wakatufuata nyuma. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa. Milango ikafunguka. Mji mzima ukatoka na mablanketi, kila mtu anamuuliza mwenzake nani amefariki. Mzee mmoja akamuuliza Molupe. Molupe, bila kugeuza uso, akajibu ni Malkia, lakini matumaini bado yapo.

Tulifika darajani na umati kama wa maziko ya chifu. Wameimba hadi ubeti wa mwisho. Vizuri sana pia, sauti ya pili hasa.

Khopotso alikuwa amesimama mlangoni, sigara sikioni. Nilimtarajia acheke. Hakucheka! Aliinua mkono mmoja tu, na watu wote wakanyamaza. Sijawahi kuona. Hata padri huwa anahitaji kengele. Akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini. Akasema, "Baridi kama jiwe. Safi. Washa. Na mafuta usikanyage."

Nikawasha. Malkia akatetemeka, akakohoa, akazima. Kwa mara ya kwanza nilifurahi! Nikawasha tena. Akazima tena. Khopotso wala hakuwa anaitazama injini. Alikuwa anaitazama feni.

Akauliza kama feni hiyo huzunguka kila asubuhi. Nikajibu kwa fahari kwamba haijawahi kukosa hata siku moja, ina bidii kuliko gari zima.

"Feni ni ya nini, Sekhonyana?"

"Ya kupoza injini."

"Injini ina joto?"

Nikagusa. Vidole vilitaka kuganda pale pale. "Hapana."

"Sasa inapoza nini?"

Umati ukasema eee, wote pamoja. Ndipo akapanda juu ya tairi, akaeleza kama mhubiri. Kuna kidude, akasema, kinaitwa sensa. Kinakaa kwenye maji ya injini na kazi yake ni moja, kumwambia Malkia kama kuna baridi au kuna joto. Asubuhi ya baridi injini inataka mafuta zaidi kidogo, kama mtu anavyotaka uji. Lakini hiki kidude kimekufa mahali pamoja. Kila siku, kila saa, kinasema kuna joto.

"Sisi hapa tuko Julai, pua zinaganda. Malkia anaambiwa ni Januari! Ananyimwa mafuta, anapepewa na feni. Anakufa njaa huku anapepewa!" Akinamama wakashika vichwa kwa huruma. "Akijikongoja mpaka akapata joto la kweli, basi uongo unakuwa kweli, na anakwenda vizuri. Ndiyo maana kila akija kwangu ni mzima."

Mtu mmoja nyuma akasema huenda fundi anakisia. Asingesema. Khopotso alishuka, akafungua kidude chenyewe, kidogo kuliko kidole gumba, akakiunganisha na mita yenye mshale. Akakitumbukiza kwenye kopo la theluji. Mshale ukakaa. Akaninyang'anya chai yangu mkononi, ya moto, niliyomiminiwa sasa hivi na mmoja wa akina mama, akakitumbukiza humo. Mshale ukakaa pale pale.

"Theluji na chai, kwake ni mamoja!"

Akaenda nyuma kwenye magari mabovu akarudi na kingine cha aina ile ile. Theluji, mshale huku. Chai, mshale kule! Ukaruka kabisa! Watu wakapiga kelele. Nilitaka kupiga makofi. Nilipiga. Nilipiga mpaka viganja vikauma. Kumjua mgonjwa kwa kutazama kitu ambacho wengine tunakisifia tu! Na kutoamini jicho lako mwenyewe mpaka umeuliza theluji na chai! Na ile mikono yenye grisi inavyogusa vyuma, kama inaviomba radhi kwanza.

Akakifunga. Nikawasha. Malkia akawaka, akapandisha sauti kidogo, akatulia. Feni kimya. Akina mama wakarudia ule wimbo, safari hii kwa mwendo wa kuchezea.

Khopotso akaniinamia dirishani, akauliza kwa sauti ya chini (ana sauti ya chini, kumbe!) kwa nini Jumanne sikumwambia kuhusu feni, angejua bila hata kumwona Malkia. Nikamjibu aliniuliza kuhusu ubaya wake, hakuniuliza kuhusu uzuri wake. Yeye akanirudishia kikombe changu.

Chai ilikuwa na ladha ya radieta. Nimeimaliza yote.

Jumamosi, 13 Julai

Majaribio. Barafu hadi ndani ya kioo. Nikazungusha ufunguo mara moja. Malkia huyoo!

'M'e Puseletso akakaa mbele, sanduku la chanjo mapajani, blanketi la Molupe bado analo. Tulipanda mlima wote bila kukohoa. Kwenye kona mbaya alikuwa ananiambia niende taratibu, na mimi nilikuwa tayari naenda taratibu. Barabara inapoishia, Molupe alikuwa anatungoja na Tladi. Kumbe mama yule ameshapanga: gari mpaka mwisho wa barabara, farasi kuanzia hapo, na sote wawili tumepata kazi. Namna alivyolisema, ungedhani ni jambo jepesi, na zahanati nzima imeliumizia kichwa mwezi huu wote.

Niliacha Malkia nikapanda nao kwa miguu hadi Ha Lekhaba kumwona mtoto. Ana nywele nyingi na hasira. Wamempa jina la Lehloa, yaani theluji. Nilidokeza kwamba Malkia pia ni jina zuri. Hawakulipokea.

Jioni dukani nimewaeleza watu kwamba wazo la gari na farasi lilikuwa langu. Na kwamba mtu wa kwanza kuigundua feni ni mimi. Hilo la pili hakuna anayeweza kulipinga.

Jumatatu, 15 Julai

Jambo jipya! Zuri sana. Tangu jana, nikikanyaga breki kwenye mteremko, Malkia anatoa mlio. Mwembamba, mrefu, unasikika hadi ng'ambo ya bonde. Leo kundi zima la kondoo lilikuwa limelala barabarani. Lilipousikia lilipanda ukingo lote, hata mchungaji wake.

'M'e Puseletso akauliza ni nini hicho. Nikamjibu bila kusita kwamba ni king'ora cha kondoo. Akaniuliza kwa nini nisimpitie Khopotso amsikilize. Nikacheka! Fundi bingwa, namheshimu kuliko mtu yeyote katika wilaya hii, na kwa sababu hiyo hiyo simpelekei. Atakinyamazisha.

Mchana mlio umeongezeka nguvu, na kanyagio la breki sasa linashuka hadi sakafuni, laini, mguu hauchoki. Dereva wa lori la sufu alinisimamisha akitaka kujua kitu kile nimekifunga wapi, maana kondoo wanamsumbua sana. Nikamwambia mtaalamu mwenyewe ndiye mimi.

Kesho asubuhi naanza na lori lake, breki zake nazo zilie kama za Malkia. Tutalijaribu kwenye mteremko mkubwa, likiwa na mzigo.